Mlioko Marekani: EITC nani anapata, nani hapati? Rifandi za 2024, tuulizane hapa

Mzee_wa_Ritani

Wakuu heshima kwenu, msimu huu wa 2025. Naona magrupu ya WhatsApp yameshaanza, mtu anatupia skrinishoti ya rifandi (hela ya kodi unayorudishiwa) ya elfu saba halafu chini watu wanalia "mbona mimi nimepata mia nane na tunapakia mizigo ghala moja shifti moja?" Mimi niko Columbus, Ohio, kila msimu najitolea kwenye meza za VITA, wale wanaokufailia kodi bure kama kipato chako cha chini, na maswali ni yale yale, kwa hiyo naandika hapa nikiulizwa tena natuma linki tu.

Hela yenyewe inaitwa Earned Income Tax Credit, EITC. Ipo tangu 1975 enzi za Rais Ford, na kipindi hicho mwisho wake ilikuwa dola 400 basi. Kwa ritani (fomu za kodi) za 2024 mwenye watoto watatu kwenda juu anaweza kufika dola 7,830, wawili 6,960, mmoja 4,213, asiye na mtoto 632. Na sio kwamba unapunguziwa kodi tu, hata kama hudaiwi kodi ya mapato hata senti wanakuwekea kwenye akaunti.

Sasa wengi wanapopotea ni hapa. Hii sio hela ya umaskini. Mtu asiyefanya kazi kabisa hapati kitu, kwa sababu inahesabiwa kwenye jasho lako, yaani mshahara wa W-2 (ile fomu anayokupa mwajiri), tipu, au faida ya kibiashara chako. Malipo ya kukosa kazi hayahesabiki, hela ya matunzo anayotuma mzazi mwenzio haihesabiki, Social Security haihesabiki. Unavyopata zaidi kazini nayo inapanda, inafika kileleni inatulia kidogo, halafu inaanza kushuka mpaka inaisha. Chukua mama ana watoto wawili, hana mume, mwaka mzima kapata 32,000. Kilele chake ni 6,960 lakini kuanzia 22,720 kila dola inayozidi inamla senti 21 hivi, kwa hiyo anabaki na kama 5,000. Akigusa 55,768 hamna kitu. Mwenye mtoto mmoja ukomo wake kwa 2024 ni 49,084, watatu 59,899, asiye na mtoto 18,591, na mke na mume wakifaili pamoja ukomo unasogea mbele dola 6,920. Ndio maana wewe na jirani yako wa shifti hamfanani, yeye ana watoto watatu wewe uko peke yako na umefanya ovataimu mwaka mzima.

Halafu pia sio hela ya anayegharamia. Ugomvi wa kifamilia wote unaanzia hapo. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwenye hii kitu hawaulizi nani alinunua viatu vya shule, wanauliza mtoto alikuwa anaishi kwa nani, ndani ya Marekani, zaidi ya nusu mwaka. Mtoto uliyemwacha Mwanza au Kisumu hata kama unamtumia ada na chakula kila mwezi, kwenye EITC hayupo.

Na kabla hujafika kwenye mtoto kuna namba. Wewe, mwenza wako mnayefaili pamoja, na kila mtoto unayemhesabu, wote muwe na SSN (namba ya Social Security) inayoruhusu kazi, na iwe imetoka kabla ya siku ya mwisho ya kufaili. ITIN, namba ya kodi ya wasio na SSN, haifai. Ile kadi ya SSN imeandikwa kazi kwa ruhusa ya DHS (wizara ya usalama wa ndani) inafaa, watu wanaiogopa bure. Riba, gawio na vitu vya namna hiyo visizidi 11,600 kwa 2024. Asiye na mtoto awe na miaka 25 mpaka 64, awe ameishi humu zaidi ya nusu mwaka na asiwe tegemezi kwenye ritani ya mtu mwingine.

Ulizeni, nikitoka kazini najibu.

Mama_Pacha_MN

Asante kaka, Mungu akubariki. Mimi CNA (msaidizi wa wauguzi) huku Minnesota, napiga usiku. Pacha wangu wana miaka 9, na baba yao tulishaachana, watoto wako kwangu yeye anawachukua wikiendi moja moja. Jaji alisema kila mtu aandike mtoto mmoja kwenye kodi. Mwaka jana baba mtu akawahi Januari akawaandika wote wawili, mimi nikifaili kompyuta inagoma inasema watoto wameshatumika. Nikanyamaza maana sina nguvu za kugombana. Haki ni ya nani hapo?

Mzee_wa_Ritani

Dada EITC ya hao watoto ni yako, wote wawili. Karatasi ya jaji wa jimbo haigusi EITC. Ukipenda kumtimizia sehemu yake unamsainia fomu 8332, hapo anapata ile Child Tax Credit ya mtoto mmoja, lakini EITC haihamishiki kwa saini, inabaki kwa mzazi ambaye watoto wanaishi kwake. Na habari njema ni kwamba kuanzia msimu huu wa 2025 kama anawachukua tena mapema hugomewi, unaomba ile PIN ya utambulisho kwenye tovuti ya IRS, wanaiita IP PIN, ukiiweka ritani yako inapokelewa kwa mtandao hata kama watoto wameshaandikwa kwingine. Baadaye IRS watawaandikia barua wote wawili, mwenye ushahidi anabaki nayo. Anza kukusanya sasa hivi, barua ya shule yenye anwani yako, rekodi za kliniki. Na Minnesota wana krediti yao ya jimbo pia, usiiache.

Ule mwaka uliopita nao unaweza kuurekebisha, hujachelewa. Usinyamaze dada, dola elfu tano sio za kunyamazia.

Bahati_DesMoines

Jambo bandugu. Miye niko Iowa, tulitokaka kambi ya Nyarugusu. Kwangu kuko batoto bane. Babili ni bangu, mumoja ni wa kaka yangu mukubwa mwenye alikufa, na mumoja ni wa shangazi, ana miaka 15, bazazi bake bangali kule kambini. Bote ni miye nabalisha, bote biko na SSN. Naweza andika bote bane?

Mzee_wa_Ritani

Ndugu Bahati pole kwa kaka. Wawili wako sawa. Wa marehemu kaka sawa kabisa, sheria inakubali mtoto wako, wa kambo, wa kuasili, mjukuu, mdogo wako wa damu, na watoto wa ndugu zako. Wa shangazi hapana. Najua kwetu huyo ni mdogo wako tu na hakuna mtu angemtofautisha mezani, ila kwa IRS binamu hayumo kwenye EITC, hata umlee miaka kumi. Angeingia tu kama angekuwa ameletwa kwako na shirika lenye mamlaka au amri ya mahakama kama mtoto wa malezi.

Lakini usisikitike, kwanza EITC ukishafika watoto watatu uko ngazi ya juu, wa nne hakuongezei hata dola moja. Pili huyo binamu kama ameishi kwako mwaka mzima na hana kipato chake anaweza kuwa tegemezi wako wa kawaida, kuna krediti ya mpaka dola 500. Kwa hiyo ukikuta mtu anataka kumwandika binamu kama "mwanao" ujue anakutafutia kesi isiyo na faida. Iowa nao wanaongeza asilimia 15 ya ile ya serikali kuu, angalia usirukwe.

Dereva_Nairobi_West

Chief mambo ya Uber na DoorDash je? Mimi niko na watoi wawili na mum yao, tumeoana. Msee wa kodi mwaka jana aliniambia tusiandike maili, eti income ikikaa kubwa rifandi inakaa kubwa. Hakusaini, alisema nisaini mimi kama nimejifailia. Alinitoza fiti sana aki.

Mzee_wa_Ritani

Kaka huyo kakimbie. Mtu analipwa kukuandalia ritani halafu hataki kusaini na kuweka namba yake ya PTIN (ya waandaa ritani wa kulipwa), hapo hujaajiri mtaalamu umeajiri mtu wa kukuachia msala. Anayelipwa kufaili EITC anatakiwa akuhoji maswali, ajaze fomu 8867 kwamba amekuhoji, ndio maana wengine wanaona bora wasionekane.

Na hesabu yake yenyewe ni mbovu. Kwa dereva kinachohesabiwa ni faida, sio kile Uber wanaandika kwenye 1099. Tuseme umeingiza 38,000 na umeendesha maili 30,000 za kazi. Kwa 2024 kila maili inakatwa senti 67, hiyo ni 20,100, unabaki na 17,900. Sasa ukiwa na watoto wawili hiyo 17,900 iko karibu na kilele kabisa cha EITC, wakati ile 38,000 kama ndio kipato chenu pekee iko kwenye mteremko. Kwa hiyo kukuficha maili amekupunguzia EITC na amekuongezea ile kodi ya waliojiajiri ya asilimia 15.3 juu yake. Hasara mara mbili na bado ukamlipa.

Halafu kuchagua chagua gharama hakuruhusiwi kwenye EITC. Gharama halali zote unaziandika, hata pale zingine zinapokushusha. Na kuna wenzetu upande wa pili wanabuni biashara, mtu hajawahi kushika kitana lakini kwenye ritani ana saluni ya kusuka imeingiza elfu kumi na saba kamili, bila risiti bila mteja. Hiyo wakikukamata kwa udanganyifu unafungiwa EITC miaka 10. Ya uzembe tu wa kupuuza sheria ni miaka 2. Na anayefungiwa ni wewe mwenye ritani, yule bwana yuko mtaa wa pili anafungua msimu mpya.

Zai_H-Town

Shikamoo Mzee. Nina miaka 22, mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, tunakaa kwa mama Houston. Mimi niko keshia, mama anasema amwandike mjukuu yeye maana analipa nyumba na kipato chake kikubwa. Mimi naona napunjwa lakini siwezi kumwambia mama hivyo.

Mzee_wa_Ritani

Marahaba binti. Unasoma au husomi? Hilo ndilo la kwanza.

Kama husomi, mzazi ana nafasi ya kwanza, mtoto ni wako. Mama anaweza kumchukua tu kama wewe umeridhia kutomtumia na kipato cha mama kiwe kikubwa kuliko chako. Mkae mpige hesabu zote mbili, wakati mwingine mama yuko juu mno kwenye mteremko anapata mia tatu wakati wewe ungepata elfu nne, na hizo elfu nne zinaingia nyumba hiyo hiyo. Mpelekee namba, hapo hujamkosea adabu.

Kama unasoma chuo muda wote hata miezi mitano tu ya mwaka, mambo yanageuka, wewe mwenyewe chini ya miaka 24 unaweza kuhesabika mtoto wa mama, na aliye mtoto wa mtu kwenye EITC hawezi kudai yake. Hapo mama ndiye anayeweza kuwaandika.

Zai_H-Town

Sisomi, niliacha nilipojifungua. Nampelekea namba leo leo 😂

Abu_Dallas

Assalaam alaykum. Mimi nna mtoto mkubwa wa miaka 12 niko naye hapa, mama yake na mdogo wake wako Mombasa twasubiri karatasi. Nimeshauriwa nimtafutie mke ITIN tufaili pamoja kwa sababu ukomo wa mke na mume ni mkubwa zaidi. Ni sawa?

Mzee_wa_Ritani

Waalaykum salaam. Ukifanya hivyo EITC yako inakuwa sifuri ndugu yangu. Mkifaili pamoja SSN mnatakiwa nazo wote wawili, ITIN ya mke inaua yote. Wewe uko na mtoto hapa, na mkeo hamkuishi nyumba moja miezi sita ya mwisho ya mwaka, kwa hiyo unaruhusiwa kudai peke yako kwa mtoto mmoja, na kama zaidi ya nusu ya gharama za nyumba umelipa wewe uangaliwe na hadhi ya mkuu wa kaya. Hii ya waliooana kudai wakiwa hawajafaili pamoja imelegezwa kuanzia 2021, wengi bado wanajibu kwa sheria ya zamani. Ila usijaze kwamba hujaoa. Ndoa ya Mombasa ni ndoa. Mdogo aliyeko kule haingii.

Grinikadi_Mpya

Sisi tumeingia kwa bahati nasibu ya grinikadi, DV, mwezi wa tatu 2024, mimi, mke, watoto wawili, tuko Maine. Kanisani wanasema mwaka wa kwanza hupati.

Mzee_wa_Ritani

Kanisani wamesema nusu. Aliyekuwa mgeni wa kikodi hata sehemu ya mwaka kwa kawaida hapati. Ila walio kwenye ndoa wana mlango, mnaweza kuchagua kwa maandishi wote wawili mhesabiwe wakazi mwaka mzima na kufaili pamoja. Mkichagua hivyo mnatangaza na mapato yenu ya Januari mpaka Machi mliyopata nyumbani. Na kwa kuwa watoto wameishi nanyi humu kuanzia Machi hadi Desemba, nusu mwaka imepita. Mngeingia Agosti watoto wasingefikisha. Na angeingia mama peke yake na watoto bila mume, huo mlango hana, inambidi asubiri mwaka unaofuata. Mimi naona hiyo sio haki ila ndivyo ilivyo. Mwambie atakayewafailia mapema kwamba ni mwaka wa kwanza, maana VITA zingine hazishughuliki na ritani za namna hiyo.

Msomi_F1

Na sisi wa F-1, viza ya wanafunzi? Rafiki yangu alitumia ile programu ya mtandaoni akapata mia sita.

Mzee_wa_Ritani

Rafiki yako airudishe kabla hajaandikiwa barua. F-1 miaka mitano ya mwanzo ya kalenda ni mgeni wa kikodi, fomu yake ni 1040-NR na EITC haimo humo kwa mtu kama yeye. Zile programu hazikuulizi viza, wewe ndio unatakiwa ujue. Afanye marekebisho mapema, ritani ya uongo sio kitu cha kuwa nacho siku unaomba grinikadi.

Mkimya_Seattle

Mimi naogopa tu kaka. Tunasikia ukichukua hela za serikali unaitwa mzigo kwa serikali na grinikadi inakwama. Si bora kuacha?

Mzee_wa_Ritani

Kwa kanuni ya uhamiaji ya 2022 kilichoangaliwa ni misaada ya fedha taslimu ya kujikimu, kama TANF na SSI, na kutunzwa muda mrefu kwenye taasisi kwa gharama ya serikali. Krediti za kodi hazimo. Rifandi haikupunguzii SNAP (msaada wa chakula) wala Medicaid (matibabu) pia, haihesabiwi kama kipato. Mtu mmoja kati ya watano wanaostahili EITC haidai kabisa, na nina hakika wengi wao ni watu wenye hofu kama yako. Wewe uko jimbo la Washington, hata wenye ITIN wana krediti ya familia za wafanyakazi ya jimbo, California, Colorado, Illinois na Maryland pia wanawapa. Kama una kesi ya uhamiaji inayoendelea muulize wakili wako, sio shemeji.

Kaka_Barua

Mimi nimepata barua CP75, wameshikilia hela yote wanataka ushahidi wa watoto. Wanangu wa kuwazaa! Nimetuma vyeti vya kuzaliwa wamekataa.

Mama_Pacha_MN

Jamani hii ndo inanitisha.

Mzee_wa_Ritani

Vyeti vinaonyesha kuwa ni wanao, havionyeshi kuwa wanaishi kwako. Wanataka vyote. Tafuta karatasi za 2024 zenye jina la mtoto, anwani yako na tarehe zinazofunika zaidi ya nusu mwaka, kutoka shule, hospitali, chekechea, mwenye nyumba, hata mchungaji au imamu anaweza kuandika kwenye karatasi yenye nembo. Barua ya mama mkwe haitoshi. Fomu 886-H-EIC ina orodha ya wanachokubali. Shida yetu Waswahili mkataba wa nyumba una jina la binamu, mtoto shuleni kaandikishwa anwani ya shangazi kwa sababu shule ile ni nzuri, simu ina jina la mtu mwingine, halafu ukaguzi ukija unaonekana huishi popote. Kama umeshakataliwa hapo nyuma, mwaka ujao unapodai unaambatanisha fomu 8862. Na kuna kliniki za kodi za watu wa kipato cha chini, zinaitwa LITC, zinakutetea bure au kwa hela kidogo mbele ya IRS.

Njaa_ya_Februari

Mkuu nimefaili Januari 28 mpaka leo kimya, jamaa yangu hana mtoto kashapata. Kuna ofisi inanipa mkopo wa rifandi leo leo nichukue?

Mzee_wa_Ritani

Ritani yako haina tatizo. Sheria ya PATH ya 2015 inawakataza IRS kuachia rifandi yenye EITC kabla ya katikati ya Februari, na wanashikilia yote, sio kipande cha EITC tu. Kama uliweka akaunti ya benki na hakuna dosari, wengi wanaona hela mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Huo mkopo angalia ada zake kabla hujasaini, unaweza kumlipa mtu mia kadhaa kwa ajili ya wiki mbili za kusubiri.

Mkimya_Seattle

Na miaka ya nyuma ambayo sikudai? 2021 nilifanya kazi mgahawani, sikufaili kabisa, sina mtoto, nilikuwa na miaka 24.

Mzee_wa_Ritani

2021 ulikuwa mwaka wa pekee, wasio na watoto walipandishiwa mpaka dola 1,502 na umri ukashushwa hadi 19 kwa wasio wanafunzi. Kama kipato chako kilikuwa chini ya 21,430 na SSN ulikuwa nayo kufikia siku ya mwisho ya kufaili ule mwaka, hela yako bado ipo. Mwisho ni Aprili 15, 2025, baada ya hapo inakuwa ya hazina. Ritani ya 2021 inatumwa kwa posta, kwa hiyo tafuta W-2 zako wiki hii, kama zimepotea fungua akaunti kwenye tovuti ya IRS utaona walichoripoti waajiri, halafu nenda nazo VITA na kitambulisho na kadi ya SSN. Piga simu kwanza uulize kama wanafanya miaka ya nyuma.

Mkimya_Seattle

Nimefungua akaunti sasa hivi. W-2 zipo mbili, jumla 17,300.

Mzee_wa_Ritani

Basi kapange miadi Jumatatu asubuhi, Machi zinajaa.